Marehemu Charles Houston: Luteni Aliyegeuka Wakili wa Wanyonge

Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, ilifungua kambi ya pekee ya kuwafunza maafisa weusi huko Fort Des Moines, jimboni Iowa. Miongoni mwao alikuwamo Charles Hamilton Houston, mwana wa wakili, aliyezaliwa Washington mwaka 1895. Alitoka huko akiwa luteni na kupelekwa hadi Ufaransa, lakini mateso yake makubwa yalitoka katika jeshi lake mwenyewe. Aliona askari weusi wakiadhibiwa pasipo ushahidi, na maafisa weusi wakidhalilishwa mbele ya askari wao. Sisi tuliopitia vyuo vya maafisa twafahamu uzito wa jambo hilo, kwani amri huvunjika siku ile askari aonapo mkubwa wake akitukanwa. Houston akaazimia kwamba akinusurika vitani atasomea sheria.

Mwaka 1919 akaingia Harvard, akahitimu hadi shahada ya udaktari wa sheria. Tangu mwaka 1924 alifanya kazi ya uwakili pamoja na babaye, huku akifundisha katika Chuo Kikuu cha Howard. Shule ya sheria ya hapo ilikuwa ya jioni. Alipokabidhiwa uongozi mwaka 1929 aliigeuza kuwa ya mchana, na ilipofika mwaka 1931 ilikuwa imetambuliwa rasmi. Wanafunzi walimlalamikia kwa ukali, wakambandika jina la viatu vya chuma. Mmoja wao, Thurgood Marshall, alihitimu mwaka 1933.

Mwaka huohuo, mjini Leesburg, Virginia, Houston na mawakili wenzake weusi walimtetea George Crawford, mtu mweusi aliyeshtakiwa kwa mauaji ya wanawake wawili wazungu. Baraza la wazee wa mahakama lilikuwa la wazungu watupu. Crawford alipewa kifungo cha maisha badala ya kifo. Baadhi ya watetezi wa haki walimlaumu Houston kwa kutokata rufani. Sisi twaona lawama hiyo haikuwa ya haki, maana kesi ikisikilizwa upya mteja wake angeweza kuishia kwenye kiti cha umeme.

Kuanzia mwaka 1935 aliongoza mapambano ya kisheria ya chama cha NAACP dhidi ya ubaguzi mashuleni. Alizunguka Carolina ya Kusini na kamera ya sinema, akipiga picha za shule duni za watoto weusi. Mwaka 1938, katika kesi ya Lloyd Gaines wa Missouri, Mahakama Kuu ya nchi ilimpa ushindi.

Moyo wake ulichoka mapema. Alifariki tarehe 22 Aprili 1950, akiwa na umri wa miaka 54. Hukumu iliyoharamisha ubaguzi katika shule za serikali ilitolewa tarehe 17 Mei 1954, na wakili aliyesimama mbele ya majaji alikuwa Marshall.