Frederick Johnson: Kutoka Kinyiramba hadi Kamusi Sanifu

Frederick Johnson hukumbukwa zaidi kwa kamusi kuliko kwa Kinyiramba, lugha ya Iramba mkoani Singida, ambayo aliichunguza sarufi yake katika miaka ya 1920 na kuchapisha ngano zake mwaka 1931. Alikuwa Katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1930, akaipanua kazi ya Madan. Vitenzi vya mwendo humtatiza kila mtunzi wa kamusi. Tangatanga, randaranda na zurura vyote huelekezwa kwenye wander la Kiingereza. Lakini anayetangatanga hajui aendako, ilhali mzururaji ameshalaumiwa. Kwa maoni yetu zurura hukaribiana zaidi na loiter. Jambo hilo si dogo: sheria ya kikoloni iliadhibu uzururaji. Johnson alifariki mwaka 1937. Kamusi zilitoka mwaka 1939.