Karen Blixen: Jina angani, msiba Voi

KATI ya sayari za Mirihi na Mshtarii huzunguka mawe makubwa yasiyo na idadi, yaitwayo asteroidi. Mojawapo, lenye nambari 3318 na kipenyo cha takriban kilomita 20, liligunduliwa Aprili 23, 1985 katika kituo cha Brorfelde, Denmark. Mgunduzi ndiye hupendekeza jina, na jiwe hilo likaitwa Blixen, kwa heshima ya mwandishi aliyezaliwa nchini humo karne moja kabla, Aprili 17, 1885.

Karen Blixen alitua Mombasa Januari 1914, akaolewa na Bror Blixen, kabaila wa Uswidi. Wakaanzisha shamba la kahawa karibu na vilima vya Ngong. Ndoa hiyo ilivunjika mwaka 1925, naye akabaki na shamba. Mahali hapo palikuwa juu mno kwa kahawa. Mavuno yakawa haba, madeni yakalimbikizana.

Mwandani wake alikuwa Denys Finch Hatton, mwindaji Mwingereza. Mwaka 1931, shamba likiwa limekwisha kuuzwa, Finch Hatton alirusha ndege yake ndogo hadi Voi kutafuta ndovu kutoka angani. Mei 14, punde tu baada ya kupaa kutoka Voi, ndege ilianguka ikateketea. Alizikwa Ngong.

Hakufa peke yake. Ndani ya ndege alikuwamo Kamau, mtumishi wake Mkikuyu. Ukoo wa bwana, masomo yake na kaburi lake vimeandikwa kwa kirefu. Mtumishi hutajwa kwa jina hilo moja, kisha masimulizi huendelea.

Kabla ya kuondoka Kenya mwaka huo, Blixen aliisihi serikali hadi Wakikuyu walioishi shambani wakaruhusiwa kuhamia mahali pamoja badala ya kutawanywa. Ardhi yenyewe hawakurudishiwa.

Akiwa Denmark aliandika kwa jina la Isak Dinesen. Kitabu chake kuhusu Kenya kilitoka mwaka 1937, na filamu iliyotokana nacho mwaka 1985, miaka 23 baada ya kifo chake cha Septemba 7, 1962.

Jiwe la Blixen halionekani kwa macho matupu, hata katika anga jeusi la Taita Taveta. Hata hivyo limesajiliwa, na njia yake inajulikana. Aliyeandika alipata wa kumwandika. Kamau, aliyeangamia katika ajali hiyohiyo ya Voi, hakumpata.