Fujita: Mjapani aliyepima tonado kwa vifusi vyake

ASUBUHI ya Agosti 9, 1945, ndege ya kivita ya Marekani iliyobeba bomu la atomiki ilipita mara tatu juu ya mji wa Kokura, katika kisiwa cha Kyushu, kusini mwa Japani. Marubani walikuwa wameamriwa wasidondoshe bomu hilo mpaka wakione kwa macho kiwanda cha silaha kilichokuwa shabaha yao. Mawingu na moshi viliuficha mji. Mafuta yalipoanza kupungua, ndege iligeuka ikaelekea Nagasaki.

Kilomita chache kutoka kiwanda hicho, katika chuo cha ufundi cha Meiji mjini Tobata, alikuwamo mhadhiri wa umri wa miaka 24 aliyefundisha fizikia. Jina lake lilikuwa Tetsuya Fujita. Mtu huyo ndiye aliyekuja kuufundisha ulimwengu jinsi ya kupima nguvu za tonado, na kipimo kinachobeba jina lake hutajwa hadi leo kila upepo huo unapobomoa mji.

Fujita alizaliwa Oktoba 23, 1920 katika kijiji cha Sone, ambacho siku hizi kimemezwa na jiji la Kitakyushu. Babake alikuwa mwalimu wa shule. Kijana alitamani kusomea chuo kimoja cha Hiroshima, lakini mzee akashikilia kwamba mwanawe asiende mbali, aingie chuo cha Meiji kilichokuwa karibu na nyumbani. Mzee huyo aliaga dunia mwaka wa 1939, miaka sita kabla ya Hiroshima kuteketea. Fujita alisimulia baadaye kwamba uamuzi huo wa babake ulimwokoa. Mawingu ya Kokura yalimwokoa mara ya pili.

Wiki chache baada ya mabomu kuanguka, alikwenda Nagasaki na Hiroshima pamoja na wenzake wa chuoni kuchunguza uharibifu. Makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamekufa katika miji hiyo miwili. Fujita alielekea makaburini. Wajapani wana desturi ya kuweka maua ya marehemu ndani ya vipande vya mwanzi vilivyo wazi juu, na joto la bomu lilikuwa limeviunguza kwa ndani, upande mmoja tu. Kwa kupima alama hizo katika makaburi mbalimbali, aliweza kuchora mistari iliyokutana mahali pamoja angani: pale bomu lilipolipukia. Aliona pia jinsi miti ilivyolala. Iliyokuwa chini kabisa ya mlipuko ilibaki wima, imekauka, ilhali iliyokuwa pembeni iliangukia nje kila upande, mithili ya miale ya nyota. Picha hiyo haikumtoka akilini. Itarudi katika simulizi hii, miaka 29 mbele na upande wa pili wa dunia.

Baada ya vita, Japani ilikuwa maskini na vifaa vya utafiti vilikuwa haba. Mnamo Agosti 1947 Fujita alifuatilia dhoruba ya radi kutoka kituo cha hali ya hewa kilicho juu ya mlima Sefuri. Vipimo vyake vilimwonyesha jambo ambalo wataalamu wa kwao hawakulijali: katikati ya dhoruba kulikuwa na hewa nzito na baridi iliyoporomoka kuelekea ardhini. Wachache walimsikiliza.

Bahati ilimjia kupitia pipa la taka. Kwenye mlima huohuo kulikuwa na kituo cha rada cha jeshi la Marekani, na humo ilitupwa ripoti ya Profesa Horace Byers wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyeongoza utafiti mkubwa wa dhoruba za radi katika majimbo ya Florida na Ohio. Ripoti ilimfikia Fujita. Alipoisoma alitambua kwamba Wamarekani, wakiwa na ndege na rada tele, walikuwa wamegundua kitu kilekile alichokigundua yeye kwa vyombo vichache mlimani. Alimtumia Byers makala yake. Profesa akavutiwa, na mwaka wa 1953, baada ya Fujita kupata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Tokyo, akamwalika Chicago. Huko ndiko alikofanyia kazi maisha yake yote yaliyosalia. Alipopata uraia wa Marekani mwaka wa 1968 alijiongezea jina la Theodore. Wengi wakawa wanamwita Ted, na magazeti yakampachika jina la Bwana Tonado.

Hapa inafaa kutenganisha mambo, maana katika Kiswahili neno kimbunga limebebeshwa mizigo mingi. Vimbunga vya baharini, kama Idai kilichoipiga Msumbiji mwaka wa 2019, huzaliwa juu ya maji ya joto, huenea kwa mamia ya kilomita na huonekana kwenye setilaiti siku kadhaa kabla ya kufika pwani. Tonado ni kitu kingine. Ni nguzo ya hewa inayozunguka kwa kasi, iliyoshuka kutoka kwenye wingu la radi hadi ikagusa ardhi. Upana wake mara nyingi ni mita mia moja au mia kadhaa, na nyingi hazidumu zaidi ya dakika kumi. Chamchela au kisulisuli kinachorusha vumbi na makaratasi sokoni kina umbo kama lake, lakini hakitoki mawinguni wala hakina nguvu hizo. Mwelekeo wake ni wa uchokozi: nyumba moja husambaratika, ya jirani ikabaki na nguo zake kambani. Bangladesh inaufahamu msiba huu kuliko nchi yoyote, kwani tonado ya Aprili 26, 1989 iliua watu wapatao 1,300 huko. Hata hivyo, hakuna nchi inayopigwa mara nyingi kama Marekani, ambako zaidi ya tonado 1,000 huripotiwa kila mwaka.

Juni 20, 1957 tonado iliingia katika mji wa Fargo, jimbo la North Dakota, ikaua watu na kubomoa mitaa. Kilichomvutia Fujita ni kwamba ilikuja jioni, polepole, huku wenyeji wengi wakiwa na kamera mikononi. Aliomba picha zao kupitia kituo cha televisheni cha mji huo na akapata zaidi ya 100. Alienda mahali kila picha ilipopigwa, akapima pembe na umbali, kisha akazipanga kwa dakika mpaka akapata mwenendo mzima wa wingu lile tangu kuzaliwa hadi kufa. Majina aliyozipa sehemu za wingu hilo katika ripoti yake ya 1960, kwa mfano wingu-ukuta linaloning'inia kabla ya tonado kushuka, ndiyo yanayotumiwa na wataalamu hadi sasa.

Tangu hapo kila palipobomoka alifika. Baada ya Jumapili ya Matawi, Aprili 11, 1965, ambapo tonado kadhaa ziliua zaidi ya watu 250 katika majimbo ya katikati mwa Marekani, alipanda ndege ndogo akazunguka juu ya mashamba akipiga picha. Mahindi, udongo na mabua vilikuwa vimechorwa mizunguko iliyopishana, naye akahitimisha kwamba ndani ya tonado moja huwamo nyingine ndogo zinazoizunguka. Wenzake walitilia shaka. Mnamo Mei 11, 1970 tonado iliua watu 26 mjini Lubbock, Texas, na Fujita akaweka vifo hivyo kwenye ramani. Wengi wao walikuwa wamefia kwenye vijia vyembamba vya tonado hizo ndogo. Ndipo ikaeleweka kwa nini nyumba moja hufutwa na ya pili ikaachwa.

Mwaka wa 1971, akisaidiwa na mkewe Sumiko, alitoa kipimo chake. Tatizo lililokuwapo ni la wazi: mitambo ya kupimia upepo haikuwa kwenye njia ya tonado, na ilipokuwapo ilivunjwa. Fujita alikata shauri kusoma kasi ya upepo kutokana na kilichobaki. Ngazi ya F0 ni matawi yaliyovunjika na mabomba ya moshi yaliyodondoka. F3 huezua paa na kuangusha kuta za nyumba imara. F5, ambayo aliikadiria kati ya kilomita 419 na 512 kwa saa, huing'oa nyumba ya fremu kwenye msingi wake na kuipeperusha. Kwenye karatasi kipimo kilifika F12, kasi ya sauti, lakini yeye mwenyewe hakutarajia duniani kupita F5. Tume ya Marekani inayosimamia mitambo ya nyuklia, iliyotaka kujua vinu vijengwe kwa uimara gani, iligharimia kazi ya kurudi nyuma hadi 1950. Wanafunzi waliajiriwa kupekua magazeti ya zamani na kuipa kila tonado ngazi yake kwa kuangalia picha na habari za wakati ule. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kumbukumbu za tonado za Marekani imesimama juu ya kazi ya wanahabari wa miji midogo ambao hawakujua wanaandikia sayansi.

Mtihani mkubwa ulikuja Aprili 3 na 4, 1974. Kwa muda wa saa 24 tonado 148 ziligusa ardhi katika majimbo 13 na kuua zaidi ya watu 300. Mji wa Xenia, Ohio, ulipasuliwa katikati. Shule, maduka na mamia ya nyumba vilibomolewa na zaidi ya watu 30 wakafa. Fujita na wenzake waliruka juu ya eneo lote kwa miezi kadhaa, wakachora njia ya kila tonado kwenye ramani moja.

Akiwa juu ya misitu ya West Virginia, karibu na Beckley, aliona miti iliyolala kwa namna ya miale ya nyota. Hapakuwa na dalili ya mzunguko. Tonado haiwezi kulaza miti hivyo. Alikuwa ameiona sura hiyo Hiroshima na Nagasaki mwaka wa 1945, na akajiuliza iwapo hewa yenyewe inaweza kudondoka kutoka wingu la radi, ikagonga ardhi na kutawanyika pande zote kama ndoo ya maji iliyomwagwa sakafuni.

Jibu lilidaiwa upesi. Juni 24, 1975 ndege ya shirika la Eastern, safari nambari 66 kutoka New Orleans, ilianguka ikikaribia kutua katika uwanja wa Kennedy, New York. Kati ya watu 124 waliokuwamo, 113 walikufa. Ndege nyingine zilikuwa zimetua salama dakika chache kabla. Shirika hilo lilimwita Fujita. Alikusanya rekodi za ndege zote zilizotangulia, akahitimisha kwamba njia ya kutua ilikuwa imepigwa na mporomoko mdogo wa hewa, wenye upana usiozidi kilomita nne. Ndege inayoingia humo hukutana kwanza na upepo wa mbele unaoinyanyua. Rubani hupunguza nguvu za injini. Sekunde chache baadaye upepo hugeuka ukavuma kutoka nyuma na ndege huporomoka ikiwa karibu na ardhi, bila nafasi ya kujinyanyua.

Upinzani ulikuwa mkali. Wataalamu kadhaa walidai kwamba Fujita alikuwa amelipa jina jipya jambo la kale, yaani upepo wa kawaida unaotangulia mvua. Wapo walionung'unika pia kwamba alipenda kuchapisha kazi zake mwenyewe badala ya kuzipitisha kwenye majarida ya wenzake, na katika hili hawakukosea. Tabia hiyo ilimcheleweshea kuaminiwa. Mwaka wa 1978 alitega rada kaskazini mwa Illinois, na kabla ya msimu kwisha ilikuwa imenasa makumi ya miporomoko hiyo.

Ushahidi ulikuwapo, lakini hatua zilikwenda kwa mwendo wa kobe. Julai 1982 ndege ya Pan Am ilianguka karibu na New Orleans na kuua watu 153, wanane kati yao wakiwa majumbani mwao. Agosti 2, 1985 ndege ya Delta ilianguka Dallas, watu 137 wakafa. Baada ya hapo rada maalumu zilianza kujengwa kwenye viwanja vikubwa na marubani wakafunzwa namna ya kujiepusha. Ajali kubwa ya mwisho ya aina hiyo ya ndege ya abiria nchini Marekani ilitokea Charlotte mnamo Julai 1994.

Jambo la ajabu ni kwamba Bwana Tonado alikuwa amefikisha umri wa miaka 61 kabla ya kuona tonado hata moja kwa macho yake. Aliiona Juni 12, 1982 karibu na Denver, akiwa amekwenda kutafuta kitu kingine.

Fujita aliaga dunia nyumbani kwake Chicago mnamo Novemba 19, 1998, akiwa na umri wa miaka 78. Kasoro ya kipimo chake aliijua yeye mwenyewe: nyumba iliyopigiliwa misumari michache hufagiliwa na upepo mdogo, na tonado kali inayopita kwenye shamba tupu haiachi cha kupimwa. Wahandisi wa Lubbock, mji uleule uliobomolewa mwaka wa 1970, waliongoza kazi ya kukirekebisha. Tangu Februari 1, 2007 Marekani inatumia kipimo kipya kinachochunguza aina 28 za majengo na miti, ambacho ngazi yake ya juu huanza kwenye kilomita 322 kwa saa. Jina la Fujita liliachwa pale pale.

Ngazi hiyo ya juu ilitolewa kwa tonado ya Joplin, Missouri, iliyoua zaidi ya watu 150 Mei 22, 2011, na kwa ile ya Moore, Oklahoma, ya Mei 20, 2013. Kisha miaka 12 ikapita bila nyingine. Iliyofuata iliangusha mabehewa ya garimoshi yaliyojaa nafaka na kuua watu watatu nje ya mji mdogo wa Enderlin, North Dakota, usio mbali na Fargo. Ilikuwa Juni 20, 2025, miaka 68 kamili tangu siku ambayo wenyeji wa Fargo walitoka nje na kamera zao.