Mohamed Amin: Kamera iliyoiamsha dunia

MOHAMED Amin, mzaliwa wa Eastleigh, Nairobi, alikuwa bado kijana alipoanzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, jijini Dar es Salaam mwaka 1963. Alikataa kuwa mwajiriwa wa mtu. Aliviuzia vyombo vya habari vya ng'ambo picha alizozifuata mwenyewe.

Uhuru huo ulikuwa na gharama. Mwaka 1966 alifungwa Zanzibar takriban mwezi mmoja, kisha akafukuzwa, akahamia Nairobi. Huko, Julai 5, 1969, alirekodi taharuki iliyofuata kuuawa kwa Tom Mboya, kazi iliyompatia tuzo ya mpigapicha bora wa televisheni nchini Uingereza.

Oktoba 1984 aliingia Korem, Ethiopia, pamoja na mwandishi wa BBC, Michael Buerk. Filamu yake ya maelfu ya watu wanaokufa kwa njaa iliutikisa ulimwengu, na Julai 1985 tamasha la Live Aid likachangisha mamilioni ya pauni.

Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimuua msaidizi wake, John Mathai, na kumkata Amin mkono wa kushoto. Alivaa mkono wa bandia, akarejea kazini.

Novemba 23, 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara iliishiwa mafuta, ikaanguka baharini karibu na Ngazija. Kati ya watu 175, walikufa 125, Amin akiwemo. Walionusurika walisimulia kwamba alikuwa amesimama, akijadiliana na watekaji. Alikuwa na umri wa miaka 53.