Bibi Rufaida, Muuguzi wa Madina

Watu wengi katika miji yetu wakisikia neno uuguzi hudhani kuwa ni kazi iliyozuliwa na Wazungu, ikaletwa kwetu pamoja na mahospitali yao. La, sivyo. Alikuwako mwanamke wa Kiislamu aliyeifanya kazi hii mjini Madina katika uhai wa Mtume (s.a.w.), zaidi ya miaka 1,200 kabla ya Florence Nightingale kwenda Scutari mwaka 1854.

Naye ni Bibi Rufaida (r.a.), wa kabila la Aslam. Alikuwa na hema katika msikiti wa Mtume, na humo akiwatibu majeruhi. Mwanachuoni Ibn Is-haq ametaja kuwa alijitolea nafsi yake, kwa kutaraji thawabu, kumhudumia kila Mwislamu aliyekosa wa kumwangalia. Itazame sifa hii: hakuulizwa mtu ukoo wake wala mali yake.

Katika mwaka wa 5 wa Hijra, nao ni mwaka 627, maadui walipouzingira mji wa Madina katika vita vya Handaki, Saad bin Muadh (r.a.), mkuu wa Aus, alipigwa mshale ukamkata mshipa wa mkono. Mtume (s.a.w.) aliamrisha awekwe katika hema ya Rufaida, ili apate kumzuru kwa karibu. Imamu Bukhari ameipokea habari hii katika kitabu chake Al-Adabul Mufrad, nayo ndiyo kiini cha maneno yetu. Kila apitapo Mtume jioni alimwuliza Saad ameshindaje, na kila apitapo asubuhi alimwuliza ameamkaje. Naye Saad humweleza hali yake.

Jeraha lilikuwa likionekana, na mwenye hema alikuwa hodari wa kazi yake. Juu ya hayo mgonjwa aliulizwa asubuhi na jioni, akaachwa aseme. Kwani jeraha huonekana kwa macho, lakini uchungu wake aujuaye ni mwenye nao.

Baadaye Saad alichukuliwa juu ya punda kwenda kuhukumu katika jambo la Banu Quraidha, kisha akarejeshwa hemani. Jeraha likafunguka, akafariki. Ajali ikifika haina dawa. Lakini Saad hakufa hali ya kutupwa.

Ibn Saad naye amemtaja mwanamke wa Aslam kwa jina la Kuaiba, na habari yake ni hiyo hiyo ya hema msikitini na ya kumtibu Saad. Imepokewa pia kuwa alihudhuria vita vya Khaibar mwaka wa 7 wa Hijra, akapewa fungu sawa na la mwanamume.

Sasa, enyi ndugu, tujitazame. Mara ngapi mgonjwa wetu, khasa mama mtu mzima, hugeuzwa kitandani, akadungwa sindano na kunyweshwa dawa, wala hapana aliyemwambia ni dawa ya nini, wala aliyemwuliza amelalaje? Huona haya kutaja aumwapo mbele ya mtu asiyemjua, akanyamaza, na maradhi yakazidi. Nasi pia tuna makosa. Saad alipoulizwa alieleza. Sisi tukiulizwa hujibu kuwa ni njema, na huku maumivu yanatukata.

Kisha twarudi barazani tukawalaumu wauguzi. Na binti yetu aliyetaka kusomea kazi hii tulimzuia sisi wenyewe, tukasema ni aibu. Basi ni nani atakayemsemesha mama yetu kwa lugha yake na kumsitiri? Ikiwa Mtume (s.a.w.) aliiridhia hema ya mwanamke huyu ndani ya msikiti wake, aibu hiyo sisi tumeitoa wapi?

Mpelekeni binti akasome, kwa adabu na stara ya dini yake. Na kila amwuguzaye mtu, hospitalini au nyumbani, aanze kwa kumwuliza hali, kisha angoje jawabu.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bibi Rufaida, na awape shifa wagonjwa wetu. Amin.