Emily Dickinson: Majirani walijua maua yake, dunia ikaja kujua mashairi yake

Mei 1886, katika mji mdogo wa Amherst, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, alifariki mwanamke wa miaka 55 ambaye hakuwahi kuolewa. Majirani wengi walikuwa hawajamtia machoni kwa miaka, maana alikuwa hatoki nyumbani kwao. Walichokijua zaidi ni maua aliyokuwa akiwatumia.

Jeneza lake jeupe lilibebwa na vibarua waliowahi kufanya kazi kwenye nyumba hiyo. Walitokea mlango wa nyuma, wakapita bustanini kwake, wakakatisha mashamba hadi makaburini.

Baada ya mazishi, mdogo wake Lavinia akaanza kupanga vitu vya marehemu. Huko chumbani akakuta mashairi. Si kumi, si mia. Yote aliyoandika, tunavyojua leo, yanakaribia 1,800.

Huyo ndiye Emily Dickinson, mmoja wa washairi wakubwa wa Marekani. Alifikaje hapo? Kidogo kidogo.

Alianza na maua makavu

Alizaliwa tarehe 10 Desemba 1830. Akiwa binti mdogo wa shule alikuwa akichuma maua na majani, anayakausha, anayabandika kwenye daftari na kuandika majina yake kwa Kilatini. Daftari hilo lina mimea 424, na bado limehifadhiwa Chuo Kikuu cha Harvard.

Baridi ya Amherst haina mchezo, theluji hufunika kila kitu. Baba yake, Edward, mwanasheria aliyewahi kuwa mbunge, akamjengea chumba kidogo cha vioo ubavuni mwa nyumba. Humo Emily alikuza asumini na gadenia hata wakati bustani ya nje imelala chini ya theluji.

Tusidanganyane, nafasi alikuwa nayo. Familia ilijiweza na wafanyakazi walikuwepo. Lakini ua halijali pesa ya mtu. Linataka maji leo, kesho na keshokutwa, na halichanui kabla ya siku yake.

Neno moja, linarudiwa tena na tena

Mashairi aliyatunza vilevile. Alianza na vipande vya karatasi, hata bahasha kuukuu. Shairi likikaa sawa, alilinakili kwa wino kwenye karatasi safi. Kisha alizikusanya karatasi na kuzishona kwa uzi. Kuanzia mwaka 1858 hivi hadi 1864 alitengeneza vijitabu 40 vya namna hiyo, vyenye mashairi zaidi ya 800.

Hata baada ya kunakili, kazi ilikuwa haijaisha. Pembeni ya neno ambalo hakuridhika nalo aliweka kialama cha msalaba, halafu chini ya ukurasa akaandika maneno mengine yanayoweza kukaa pale. Mengine hakuyaamua kabisa. Aliyaacha pamoja, kama miche miwili kwenye shimo moja.

Aprili 1862 alimwandikia barua Thomas Wentworth Higginson, mwandishi aliyekuwa ametoa makala ya ushauri kwa waandishi chipukizi. Alimtumia mashairi manne, akitaka kujua kama yana uhai. Higginson akamshauri asiharakishe kuchapisha.

Mwingine angekata tamaa. Emily aliendelea kumwandikia kwa zaidi ya miaka 20, na hakuacha kutunga. Zaidi ya nusu ya mashairi yake yote ni ya kati ya 1861 na 1865, nchi yake ikiwa vitani yenyewe kwa yenyewe. Katika kipindi hichohicho macho yalimsumbua, ikabidi akakae miezi mingi karibu na Boston kwa matibabu.

Akiwa hai, yalichapishwa mashairi kama 10 tu, tena bila jina lake. Mwaka 1866 gazeti moja lilibadilisha alama kwenye shairi lake, na jambo hilo halikumfurahisha hata kidogo.

Ilibaki kidogo tu yapotee

Hapa ndipo hadithi inapotisha. Lavinia alikuwa ameahidi kuchoma barua ambazo dada yake alikuwa ametumiwa na watu, na alizichoma kweli. Vijitabu navyo vingeweza kuingia motoni siku hiyohiyo. Lakini kuhusu mashairi hakuwa amepewa agizo lolote, akayashikilia na kutafuta mtu wa kuyachapisha.

Kazi hiyo ilifanywa na Mabel Loomis Todd pamoja na Higginson, yuleyule aliyeshauri subira. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1890, kikanunuliwa sana, ingawa wahariri walilainisha vina na kubadilisha alama ili wasomaji wasishtuke. Ilipita miaka mingine 65 kabla ya Thomas H. Johnson kutoa mashairi yote mwaka 1955, yakiwa karibu na vile Emily alivyoyaandika.

Yeye mwenyewe hakuona hata kimoja cha vitabu hivyo. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema subira yavuta heri, kumbuka kwamba heri nyingine humkuta mwenyewe ameshaondoka. Lakini Emily hakuwa amekaa tu kusubiri. Alikuwa akimwagilia, akipalilia, akifuta neno na kuweka lingine. Kama angengoja sifa kwanza ndipo aandike, Lavinia asingekuta kitu chumbani.

Kile chumba cha vioo kilibomolewa mwaka 1916. Nyumba yao sasa ni makumbusho, na mwaka 2017 chumba hicho kilijengwa upya palepale kilipokuwa. Mimea inakuzwa humo tena.