Sidi Mubarak Bombay: Mateka Aliyesimama Mbele ya Mfalme wa Karagwe

Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunamkumbuka Sidi Mubarak Bombay.

Alizaliwa katika nchi ya Wayao yapata mwaka 1820. Alipokuwa na umri wa miaka kama 12, wafanyabiashara Waswahili wenye silaha walikivamia kijiji chao kwa kisingizio cha madeni. Akatekwa, akapelekwa Kilwa, akauzwa kwa nguo na hatimaye kuvushwa bahari hadi India. Baba yake hakumwona tena.

Tusilifiche jambo hili: miongoni mwa waliomteka na kumuuza walikuwamo watu walioikiri dini yetu. Dini hiyo hiyo, katika Surat Al-Balad, inahesabu kumwacha huru mtumwa kuwa ni kuipanda njia ngumu ya mlimani. Bwana wake alipofariki, Mubarak akawa huru.

Hata jina lake linasimulia safari hiyo. Sidi ndivyo Wahindi walivyowaita Waafrika, Bombay ni mji wa India, na Mubarak kwa Kiarabu ni mbarikiwa. Jina alilopewa na wazazi wake limepotea.

Alirejea Zanzibar akiwa mtu mzima asiye na ukoo wa kumpokea, akajiunga na askari wa Sultani karibu na Pangani. Huko, mwaka 1857, Waingereza Burton na Speke walimwajiri. Speke hakujua Kiswahili vizuri, lakini alizungumza Kihindustani. Lugha ambayo Mubarak alijifunza utumwani ikawa ndiyo daraja la msafara.

Mwezi Novemba 1861 alifika pamoja na Speke na Grant katika himaya ya Karagwe, ambayo leo imo ndani yake wilaya za Karagwe na Kyerwa. Mfalme Rumanyika, aliyekijua Kiswahili, aliwapokea kwa ukarimu mkubwa. Kijana aliyewahi kupimwa thamani kwa nguo sasa alisimama barazani mwa mfalme, akifikisha maneno ya pande mbili. Katika safari hiyo hiyo Speke alimpiga kwa mkono wake, na bado Mubarak aliendelea naye hadi Misri mwaka 1863.

Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimtunuku medali ya fedha. Baadaye alisafiri na Stanley hadi Ujiji mwaka 1871, na pamoja na Cameron akaivuka Afrika hadi pwani ya Atlantiki mwaka 1875. Alifariki Oktoba 1885.

Vijana wetu wanaohama Karagwe kwenda mijini hukutana na lugha na desturi ngeni. Maisha ya Mubarak yanawafunza kuwa elimu hubaki hata ilipopatikana katika dhiki. Nasi wakubwa yanatuuliza: mtoto wa mtu mwingine akiwa mikononi mwetu, tunamhesabu kuwa amana au bidhaa? Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kutunza amana. Amin.